Nuru ya Jua na Uso wa Mtu
(Maneno yaliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa jioni wa chama)



Bwana Katibu aliponijia na kuniambia kwamba zamu ya kunena ni yangu, nilijaribu kujitoa, kwa kuwa mimi si mpiga picha wa kazi. Mimi ni karani kama ninyi, na riziki yangu yatoka katika kalamu na majalada. Kamera niliianza kama mtu aanzavyo bustani ndogo nyuma ya nyumba, kwa kujifurahisha baada ya saa za kazi. Walakini nimeharibu picha nyingi sana, na mtu aliyeharibu mengi, kisha akatafuta sababu ya kila uharibifu, yamkini akawa na neno la kuwafaa wenziwe. Kwa hiyo nimekubali.

Wengi wenu mwamkumbuka mzee wetu wa masjala, aliyekuwa akijua mahali pa kila jalada bila kutazama daftari. Siku ya kumuaga, hotuba zilianza saa 4 asubuhi, nazo zikaisha saa 6 mchana, maana kila mtu alikuwa na neno la kumsifu. Ndipo tukatoka nje, tukamsimamisha mbele ya ukuta wa ofisi uliopakwa chokaa, naye amevaa shati jeupe. Mimi nikapiga picha tatu, nikarudi upesi ndani kwa kuwa pilau ilikuwa ikipoa.

Mwaka uliofuata mzee alifariki. Mwanawe alikuja kwangu siku ya pili ya msiba, akaomba picha ya baba yake, kwa sababu nyumbani hawakuwa na nyingine ila ile ndogo ya kitambulisho, iliyopigwa zamani. Nilizitafuta zile tatu, nikamwonyesha. Ukuta ulionekana vizuri mno, hata nyufa zake. Shati lilionekana. Lakini uso ulikuwa doa jeusi, na mahali pa macho palikuwa na mashimo mawili. Kijana alizitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, shati hili nalijua, mama ndiye aliyelishona. Lakini baba simwoni."

Hakunilaumu, nami sikuwa na la kujibu. Ila tangu siku ile nimeacha kudhani kwamba kupiga picha ni mchezo tu. Picha ya mtu ni kumbukumbu kama jalada lilivyo kumbukumbu, na karani aliyeandika jalada lisilosomeka hawezi kujisifu kwamba ameandika. Nikaanza kujifunza upya, na hayo niliyojifunza ndiyo nitakayowaelezea sasa.

Jambo la kwanza ni jua na saa zake. Vitabu vingi vya kufundisha kupiga picha vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, nao zamani walikuwa wakisema: weka jua nyuma ya bega lako, mtu akabili jua, upige. Filamu za siku hizo zilikuwa nzito kupokea mwanga, zikitaka jua jingi. Tena jua la kwao si kama letu. Mjini London, mwezi wa Desemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya digrii 15 hivi juu ya upeo wa macho, nalo humulika uso kutoka mbele kama taa iliyowekwa juu ya meza. Sisi jua la namna hiyo hulipata yapata saa moja tu baada ya kucha. Mjini Dar es Salaam jua hupita juu ya utosi mara mbili kila mwaka, mapema mwezi wa Machi na tena mapema mwezi wa Oktoba. Na hata mwezi wa Juni, lijapokuwa limekwenda mbali upande wa kaskazini, adhuhuri hufika digrii 60. Basi mtu akisimama nje saa 6 mchana, paji la uso na pua humulikwa kwa ukali, na macho hubaki katika kivuli cha nyusi zake mwenyewe. Akivaa kofia, uso wote umepotea.

Ninyi msio na vipimo, chukueni kipimo hiki kisichogharimu senti. Tazama kivuli chako chini. Kikiwa kirefu kuliko kimo chako, jua liko chini ya digrii 45, nawe waweza kupiga. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, ngoja, au tafuta mahali pa kivuli. Kwetu maana yake ni tangu kucha hata yapata saa 3 asubuhi, na tena tangu saa 9 na nusu alasiri hata jua kuchwa. Katika saa ya kwanza na saa ya mwisho nuru huwa ya manjano kama dhahabu, kwa sababu mwonzi wa jua umepita katika hewa nyingi zaidi, na ile rangi ya buluu imetawanywa njiani. Nuru hiyo yapendeza sana katika ngozi zetu.

Jambo la pili ni tofauti ya nuru kali na nuru laini, na sababu yake. Jua ni kubwa mno, lakini kwa umbali wake twaliona dogo. Ncha ya kidole chako kidogo, mkono ukiwa umenyoshwa, yatosha kulifunika. (Msilijaribu hilo kwa kulikodolea jua macho, maana lapofusha.) Nuru itokayo mahali padogo huchora vivuli vyenye ukingo mkali, kama kisu. Lakini wingu likifunika jua, mbingu yote hugeuka kuwa taa moja pana, na nuru huuzunguka uso taratibu, hata vivuli vikawa vyepesi. Kwa hiyo siku za mawingu za masika, ambazo wengi huziita siku mbaya za picha, mara nyingi ndizo njema.

Pasipo wingu, tufanye wingu letu. Kaeni kwenye baraza. Paa la baraza huzuia ile nuru ya utosini, na nuru ya mbingu na ya uwanja huingia kutoka mbele. Mweke mtu karibu na ukingo wa kivuli, hatua moja au mbili ndani, uso wake ukielekea nje penye uwazi. Mlango wa nyumba wafaa vivyo hivyo. Na mwembe mkubwa wafaa, mradi majani yawe mengi, yasipenyeze madoa ya jua. Doa moja la jua katika shavu laharibu uso wote, kwa kuwa penye jua mwanga ni mara 8 hivi kuliko kivulini, na kamera haiwezi kuyatosheleza yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyohiyo msimweke mtu nusu juani na nusu kivulini.

Mkitaka kujua ni wapi pafaapo, fanyeni nifanyavyo mimi. Nyosha mkono wako mbele, kunja ngumi, kisha zunguka polepole mahali ulipo, ukitazama jinsi nuru inavyoanguka juu ya vifundo vya vidole. Utaona upande mmoja ngumi ina vivuli vyeusi, na upande mwingine ina umbo zuri lenye nuru na kivuli chepesi. Hapo ndipo umwelekeze mtu wako. Kisha, kabla ya kubonyeza, mtazame machoni. Ukiona ndani ya mboni kijidoa cheupe, ambacho ni sura ya mbingu au ya mlango, macho ni hai. Usipokiona, mwambie ainue kidevu kidogo, au ageuke kidogo kuelekea penye uwazi.

Jambo la tatu ni kurudisha nuru. Kila kitu cheupe ni taa ya pili. Shuka jeupe lililotandikwa miguuni pa mtu aliyeketi, au lililoshikwa na vijana wawili kando yake, hurusha nuru chini ya kidevu na ndani ya macho. Ukuta wa chokaa uliopigwa na jua, ukiwa mbele ya mtu, wafaa sana. Kosa letu siku ile lilikuwa kuuweka ukuta nyuma ya mzee, badala ya kuuweka mbele yake. Hata ukilazimishwa kupiga jua likiwa kali, mgeuzie mtu mgongo jua lenyewe, nywele na mabega yake yapate ukingo wa nuru, kisha umrudishie mwanga usoni kwa shuka. Ila uikinge lenzi kwa kiganja au kofia, jua lisiingie ndani yake, picha isije ikafanya ukungu.

Mkumbuke tena kwamba kitu hurudisha nuru pamoja na rangi yake. Majani mabichi huupa uso ukijani, udongo mwekundu huupa wekundu, na lile turubai la buluu tulipendalo katika arusi na misiba huwafanya watu wote waonekane kama wagonjwa. Mtoe bibi arusi chini ya turubai, hata kama ni kwa dakika 5 tu. Mama yake atawashukuru baadaye.

Sasa naja kwenye jambo la nne, nalo ndilo lililonigusa zaidi. Kwa nini ukuta ulionekana na uso usionekane? Kamera haijui kitu ilichoelekezewa. Chombo chake cha kupimia mwanga hudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vyafanya kijivu cha wastani, kama ile kadi ya kijivu ya wapiga picha irudishayo 18 kwa 100 ya mwanga unaoiangukia. Ikiona ukuta mweupe na shati jeupe, husema moyoni mwake, "Hapa pana mwanga kupita kiasi," nayo hupunguza. Ikipunguza, ukuta huwa kijivu, na uso mweusi huzama gizani. Basi si kwamba uso wetu haupigiki. Kamera imeusikiliza ukuta, haikumsikiliza mzee.

Dawa yake ni kuiamuru. Wenye simu, gusa kwa kidole uso wa mtu katika kioo. Simu nyingi zitaupima uso ule, wala si ukuta. Kisha katika nyingi huonekana alama ndogo ya jua. Isukume juu kidogo mpaka uso uwe kama unavyouona kwa macho yako. Wenye kamera za filamu, sogeeni, mpime mwanga karibu na uso, kisha mrudi mahali penu. Wasio na kipimo cha mwanga, iko kanuni ya zamani. Juani weka tundu la lenzi namba 16, na mwendo wa kilango uwe sawa na namba ya wepesi wa filamu, yaani filamu ya 125 kwa sehemu ya 125 ya nukta moja. Siku ya mawingu weka namba 8, na kivulini chini ya mbingu iliyo wazi namba 5.6. Nanyi mkipiga nyuso zetu, ongezeni kidogo juu ya hapo kuliko kupunguza. Zaidi ya hayo, msichague nyuma pawe peupe. Ukuta wa udongo, mlango wa mbao, au khanga ya rangi nzito iliyotundikwa, vyote humwacha mtu aonekane.

Ni haki nilitaje neno moja la historia, ili mjue ya kwamba taabu hii haikuwa yetu sisi tu wala haikuwa ya jua tu. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi ya kusawazishia rangi, yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, na kadi hizo wakaziita kwa jina la Shirley. Sura ile ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi nyeusi haikuwamo katika kipimo, kwa hiyo mtu mweusi akiwa kando ya mweupe katika picha moja, mara nyingi yeye ndiye aliyepotea. Yasimuliwa na waliofanya kazi humo kwamba filamu ilianza kutengenezwa upya ili ionyeshe rangi nzito hapo watengenezaji wa chokoleti na wauzaji wa samani za mbao waliponung'unika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Nililiposoma hilo nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Watu walikuwa wakitoka vibaya miaka yote hiyo, na kumbe kilichosikiwa ni chokoleti na kabati.

Walakini wako waliotutangulia ambao hawakungoja kadi. Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, nchi ya Mali ilipokuwa bado ikitawaliwa na Wafaransa. Yeye alipiga picha uani, kwa nuru ya mchana, na nyuma ya watu alitundika kitambaa. Kwa miaka kadhaa kitambaa hicho kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Mara nyingi alimpiga mtu mmoja picha moja tu, kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, kwa hiyo alitazama sana kabla ya kubonyeza. Waliomjia walikuwa wafanya biashara, akina mama na binti zao, na makarani wa serikali kama sisi, wamevaa nguo zao bora. Mwaka 1962 serikali ya Mali ilimchukua kuwa mpiga picha wake, akawa mtumishi wa serikali mwenzetu. Mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa mjini Paris, na watu wakastaajabu. Naye alifariki mwaka 2001. Tazameni nyuso alizozipiga: ni nyeusi, nazo zina umbo na mng'ao, na kila mmoja anakutazama kama mtu ajijuaye. Hakuwa na taa kubwa wala mashine za ajabu. Alikuwa na ua, mbingu, kitambaa na subira.

Neno la tano ni adabu, kwani nuru njema haitoshi. Omba ruhusa kwanza. Mtu mzima asiamrishwe kama mtoto wa shule, "Simama hapa, cheka!" Mpe kiti, mpe kitambaa afute jasho, maana jasho hung'aa kuliko ngozi. Mwulize habari za nyumbani, na huku ukimsikiliza utauona uso wake wa kweli ukija. Hapo ndipo upige. Usimsogelee mno na simu, kwa kuwa ukiwa karibu sana pua hukua na masikio hurudi nyuma. Rudi hatua mbili. Wakiwa wengi, wapange katika kivuli kimoja wote, wazee wakiketi mbele, na utazame kwamba hakuna kofia inayomtia mwenzake giza. Piga zaidi ya moja, maana katika watu 20 daima yuko mmoja aliyefumba macho.

Picha ikiisha kupatikana, itunze kama kumbukumbu ya serikali. Ichapishe katika karatasi. Andika nyuma yake, kwa kalamu isiyokwaruza, majina, mahali, na tarehe. Picha zilizomo katika simu hupotea pamoja na simu, na picha isiyo na jina, baada ya miaka 40, ni picha ya mtu asiyejulikana.

Bwana Mwenyekiti, sitaki kuwachosha, lakini sikuja na maneno matupu. Nina mashauri matatu, nami naomba yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano huu.

La kwanza, mwanachama akifikia kustaafu, apigwe picha asubuhi kabla ya hotuba, yapata saa 2, wala si adhuhuri baada ya hotuba. Hotuba zaweza kungoja, lakini jua halingoji.

La pili, pawe na mahali pamoja pa picha, nami nataja baraza ya nyuma ya jumba letu la mkutano, ambayo asubuhi ina kivuli na mbele yake pana uwanja wa mchanga mweupe. Chama kinunue shuka jeupe moja na khanga moja ya rangi nzito. Gharama yake ni ndogo kuliko soda za karamu moja.

La tatu, tusingoje kustaafu. Kila mwanachama aliye na mzazi hai ampige picha kabla ya mwezi huu kwisha, barazani, uso ukielekea penye uwazi, kisha aandike jina na tarehe nyuma yake. Asiye na kamera anijie. Nitakwenda naye Jumamosi, na sitataka malipo ila chai.

Yule kijana alirudi kwao siku ile na picha ndogo ya kitambulisho. Fundi aliikuza mpaka ikawa madoadoa, nayo ndiyo iliyotangulia jeneza. Ilimwonyesha mzee alipokuwa kijana, na wajukuu waliuliza, "Huyu ni nani?" Mimi nilikuwa nimesimama nyuma katika msafara, nikasikia. Sitaki mmoja wenu asikie swali lile juu ya mtu wake, ilhali jua lipo kila siku, bure, na baraza ipo.

Kama yako maswali nitayajibu kwa kadiri ya nijuavyo, na nisiyoyajua tutayatafuta pamoja.